Ghala Limejaa na Mtoto Hakui

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wazee wa vijiji, walimu na walezi wa watoto)



Tumetakiwa kusema nanyi habari za chakula na mchezo katika vituo vya kulelea watoto. Siku hizi vijiji vingi vinacho kituo cha namna hii, ambako mama aendapo shamba humwacha asubuhi mtoto wake wa miaka miwili, mitatu au minne, akamchukua alasiri. Wengine hupaita kituo, wengine chekechea. Jina si hoja. Hoja ni kwamba mtoto hukaa pale saa sita au saba, katika saa zile ambazo mwili wake na akili yake viko macho, na chakula alacho pale ni sehemu kubwa ya chakula chake cha siku. Mama yake awe hodari namna gani, hawezi kumrudishia jioni yote aliyoyakosa mchana.

Sisi tufanyao kazi ya ukarani twaijua tabia ya vitabu vya hesabu. Mavuno yaingiapo twaandika magunia. Mbolea ikigawanywa twaandika. Ng'ombe wakichanjwa twaandika, tena wengine kwa rangi zao. Lakini ni vijiji vingapi ambavyo mzee wake akiulizwa, "Watoto wenu wa miaka mitatu wana kimo gani?" aweza kufungua kitabu akajibu? Zahanati inazo kadi, ni kweli, lakini kadi hizo hazisomwi barazani. Basi twaomba tuanze kwa hesabu hiyo isiyosomwa.

Uchunguzi mkubwa wa afya za watu uliofanywa nchini Tanzania mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 walio chini ya miaka mitano, watoto 30 wamedumaa, yaani vimo vyao ni vifupi kuliko iwapasavyo watoto wa umri wao. Katika uchunguzi wa miaka 2015 na 2016 walikuwa 34, kwa hiyo nafuu imeonekana. Lakini tazameni ni mikoa gani iliyokuwa nyuma ya yote. Mtu angedhani ni mikoa ya ukame. Sivyo. Ilikuwa Iringa, watoto 57 katika 100. Na Njombe na Rukwa, watoto wapatao 50 katika 100. Nayo ndiyo mikoa ya nyanda za juu, yenye mvua na udongo mzuri, ambayo mahindi yake hupakiwa malorini kwenda kulisha miji!

Mtu asikiapo haya kwa mara ya kwanza hukasirika. Husema hesabu imekosewa, maana watoto wetu hawalali njaa. Naye asema kweli: wengi wao hawalali njaa. Hulala wameshiba, na hiyo shibe ndiyo itudanganyayo. Mtoto aliyejazwa uji wa mahindi matupu ameshiba kama vile mfuko uliojazwa pumba umejaa. Mahindi humpa nguvu ya kutembea na joto la mwili, lakini mwili haujengwi kwa mahindi peke yake. Nyama ya mwili, damu, mifupa na ubongo vyataka maharage, dagaa, maziwa, mayai, nyama, mboga za majani na matunda. Tena mahindi yenyewe tumeyapunguza thamani kwa kuyakoboa, maana ngozi ya punje na kiini chake, ambavyo ndivyo vyenye sehemu kubwa ya vitu vya kuulinda mwili, twavitupia kuku, nasi twala sembe nyeupe kwa sababu yapendeza machoni. Kuku wetu wana bahati.

Ugonjwa huu wa kushiba pasipo kujengwa si mpya, wala si wa mkoa mmoja. Katika miaka ya 1930 alikuwako daktari mwanamke jina lake Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica, aliyefanya kazi katika nchi ya Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Aliona watoto waliovimba miguu na nyuso, ngozi zikibanduka, nywele zikibadilika rangi, nao ni watoto waliokuwa wakilishwa uji wa mahindi kila siku. Aliandika habari zao mwaka 1933, na mwaka 1935 akautangaza ugonjwa huo kwa jina lililotumiwa na wenyeji wa huko, Waga, kwashiorkor, ambalo maana yake ni ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa ziwani kwa kuzaliwa mdogo wake. Sisi kwa Kiswahili twauita unyafuzi. Fikirini jinsi jina lile lilivyo na akili: wenyeji walikuwa wamekwisha kuona kwamba mtoto huanza kuharibika pale aachapo ziwa la mama, asipate kitu kingine cha kushika nafasi yake. Na mtoto huyo aliyeachishwa, mwenye miaka miwili au mitatu, ndiye yule yule mnayeletewa ninyi kituoni.

Labda mwalimu mmoja atasema, "Twasikia kwamba udumavu huingia zaidi kabla mtoto hajatimiza miaka miwili, tena huanzia tumboni mwa mama. Sisi twampokea baadaye. Tutafanya nini?" Swali hili ni la haki, wala hatutalikwepa. Ni kweli kwamba siku elfu moja za kwanza, tangu mimba hata miaka miwili, ndizo zenye nguvu kuliko zote. Lakini mama amletaye mtoto wa miaka mitatu mara nyingi ana mwingine mgongoni, au ana mimba. Kila asubuhi asimama mlangoni pa kituo. Hakuna baraza wala mkutano uwezao kumpata mama huyo mara tano kwa juma, ila kituo chaweza. Mlezi mwenye busara aweza kumwambia pale pale kwamba mtoto mchanga anyonye maziwa ya mama tu, pasipo maji wala uji, hata atimize miezi sita. Na baada ya hapo apewe chakula kilaini huku akiendelea kunyonya hata miaka miwili au zaidi. Tena ubongo wa mtoto wa miaka mitatu haujamaliza kukua, kama tutakavyoona mbele.

Wazee wa Iringa na Njombe watakumbuka kwamba jambo hili liliwahi kushikwa kwa nguvu. Mwaka 1983, wakati Njombe ilipokuwa ingali sehemu ya Mkoa wa Iringa, serikali ya Tanzania pamoja na UNICEF na Shirika la Afya la Dunia, kwa fedha zilizotolewa na Italia, walianza kazi ya lishe katika vijiji 168 vya mkoa huo. Watoto walipimwa uzito kila miezi mitatu mbele ya wazazi wao, na matokeo yakajadiliwa na serikali ya kijiji chenyewe. Vikawekwa na vituo vya kulishia watoto wakati mama zao wawapo shambani. Kati ya mwaka 1984 na 1988 watoto wenye upungufu mkali wa uzito katika vijiji hivyo walishuka kutoka 6 katika 100 hata chini ya 2. Twaona fahari katika habari hii, nayo yapasa kutuchoma pia, maana yaonyesha kwamba kijiji kikipima na kuzungumza, watoto hupona; na mizani ikipata kutu, hali hurudi nyuma pasipo mtu kutambua.

Sasa tuingie jikoni mwa kituo.

Kosa tulionalo mara nyingi ni uji mwepesi kama maji ya kunawia. Mpishi ana watoto wengi na unga kidogo, basi huongeza maji. Tumbo la mtoto ni dogo. Vikombe viwili vya uji wa namna hiyo hulijaza, naye amekunywa maji tu. Uji wa mtoto wapasa kuwa mzito kiasi cha kukaa juu ya kijiko usimwagike. Lakini hapo mama atajibu kwamba uji mzito humshinda mtoto kumeza, naye asema kweli. Dawa yake iko katika nyumba nyingi, nayo ni kimea. Chukueni ulezi safi, muuoshe, muuloweke usiku kucha, kisha muutandaze juu ya gunia safi lenye unyevu na kuufunika. Baada ya siku mbili au tatu utachipua. Uanikeni hata ukauke kabisa, upikicheni kuondoa vichipukizi, kisha usagwe. Pikeni uji mzito wa kutosha kusimamisha kijiko. Uepueni, ungojeeni upoe kidogo, mtie kijiko kimoja cha unga wa kimea na kukoroga. Baada ya dakika chache uji utalegea wenyewe pasipo kutiwa maji hata tone, maana ndani ya mbegu iliyochipua mna kitu kikatacho wanga. Rudisheni motoni uchemke tena kidogo, uwe salama. Hivyo mtoto hunywa uji laini wenye nguvu zote za uji mzito. Akina mama wapikao pombe waijua kazi ya kimea kuliko sisi. Ila mpaka leo wameitumia zaidi kwa faida ya baba kuliko ya mtoto.

Uji huo utiwe kitu cha kuujenga mwili: maziwa yaliyochemshwa, au karanga zilizotwangwa laini. Twasema zilizotwangwa kwa sababu karanga nzima humkaba mtoto mdogo kooni, haifai kumpa. Wengine siku hizi huchanganya unga wa vitu saba au vinane, mahindi, mchele, ngano, soya, karanga na hata dagaa, vyote vikasagwa pamoja na kuitwa unga wa lishe. Sisi hatuusifu mchanganyiko huu. Kila kitu kina muda wake wa kuiva na muda wake wa kuharibika. Soya isiyochemshwa au kukaangwa vizuri huzuia tumbo lisiyeyushe chakula, na karanga zilizokwisha kusagwa huharibika upesi. Ni heri unga wa nafaka moja, na vingine vitiwe sufurianu wakati wa kupika.

Chakula cha mchana nacho kisiwe ugali na mchuzi wa chumvi. Maharage yanapatikana nyanda za juu karibu kila nyumba. Dagaa wafika hata vijiji vilivyo mbali na ziwa, na kiganja kimoja cha dagaa waliotwangwa chafaa sana katika sahani ya mtoto. Mchicha, majani ya maboga, matembele, kisamvu kilichotwangwa na kupikwa sana, haya yote humea karibu na nyumba. Yatiwe mafuta kidogo, kwa kuwa vitamini A iliyomo katika mboga na katika viazi vitamu vyenye rangi ya manjano haiingii mwilini vema pasipo mafuta. Papai, embe au chungwa vije pamoja na chakula, maana tunda kama chungwa humsaidia mtoto kupata damu kutoka katika maharage na mboga. Kwa upande mwingine chai humpunguzia faida hiyo. Katika uchunguzi ule wa mwaka 2022 zaidi ya nusu ya watoto wadogo walikuwa na upungufu wa damu, na bado twamwona mtoto wa miaka mitatu akipewa kikombe cha chai ya rangi na sukari vijiko vitatu, huku mama akifurahi kwamba amemtunza! Yai moja lampa faida kuliko makombe kumi ya chai hiyo. Ziko sehemu ambako mayai yalikatazwa watoto na wajawazito. Wazee wa sehemu hizo ndio wawezao kuiondoa amri hiyo, maana kijana akisema hatasikiwa.

Kila mtoto awe na sahani yake. Katika sinia moja mkubwa hula upesi na mdogo hubaki na mkono mtupu, na mpishi akitazama huona sinia tupu akadhani wote wamekula. Asilazimishwe kwa kushikwa pua. Asemeshwe, atazamwe usoni, angojewe. Na kabla ya kula, mikono ioshwe kwa sabuni na maji yatiririkayo. Kibuyu chirizi, yaani dumu dogo lililotobolewa na kuning'inizwa kwa kamba ya kukanyagia, hutengenezwa na mwalimu na watoto kwa saa moja tu. Mtoto aharaye mara kwa mara hakui hata alishwe maziwa ya ng'ombe watatu.

Liko jambo jingine la ghalani ambalo twaomba wazee mlisikie kwa uzito. Mahindi na karanga zilizopata unyevu huota ukungu, na ukungu wa aina moja huacha sumu iitwayo sumukuvu. Sumu hii haiondolewi kwa kupika. Katika nchi ya Kenya mwaka 2004 watu 317 waliugua, wengi wao sehemu za Makueni na Kitui, na 125 wakafa. Nchini Tanzania mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, waliugua watu 68 na wapatao 20 wakafa. Mna desturi ya kuchagua mahindi mazuri ya kuuza, na yaliyobadilika rangi yakabaki ya kula nyumbani, tena mengine yakapelekwa kituoni kama mchango. Desturi hii ikome. Mahindi ya watoto yakaushwe juu ya turubai, si juu ya udongo; magunia yakae juu ya chanja, mbali na ukuta; na punje zenye ukungu zitupwe. Asiwepo mtu wa kusema, "Haya yatafaa kwa uji."

Tumesema sana juu ya chakula, nasi hatuoni vibaya, maana mtoto mwenye njaa hachezi. Na hapa ndipo pa kugeukia mchezo, kwa sababu vitu hivi viwili vimefungwa kamba moja. Mwili usiopata chakula cha kutosha huanza kujipunguzia matumizi, na jambo la kwanza kupunguza kwa mtoto ni mchezo. Hukaa. Hutazama wenzake. Hasumbui mtu. Nasi watu wazima twafika pale twasema, "Mtoto huyu ana adabu." Walezi, mtoto wa miaka mitatu akaaye kimya kwenye mkeka asubuhi nzima msimsifu, mtazameni macho, mgusheni paji la uso, mwulizeni mama yake alikula nini jana. Mtoto mzima hupiga kelele, huruka, huanguka, huuliza maneno yasiyo na mwisho.

Wako wazazi waaminio kwamba mchezo humaliza chakula. Husema, "Twampa uji ili anenepe, nanyi mwamkimbiza uwanjani." Twawajibu kwa habari iliyotoka kisiwa kile kile alikozaliwa Bibi Williams. Katika mji wa Kingston, Jamaica, katikati ya miaka ya 1980, watafiti walioongozwa na Bibi Sally Grantham-McGregor walichukua watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hata 24, wa nyumba za watu maskini. Wakawagawa. Wengine walipewa chakula cha maziwa kila juma. Wengine nyumba zao zilitembelewa mara moja kwa juma na mwanamke wa mtaani aliyefundishwa, akamwonyesha mama namna ya kucheza na mtoto wake kwa vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa nyumbani. Wengine walipata vyote viwili. Na wengine hawakupata hata kimoja. Kazi hii iliendelea miaka miwili. Waliopewa chakula akili zao zilisonga mbele; waliochezeshwa nao vivyo hivyo; lakini waliopata chakula na mchezo pamoja waliwapita wote, wakakaribia watoto wasiodumaa. Miaka 20 baadaye watafiti waliwatafuta tena, nao ni watu wazima wenye kazi. Wale waliochezeshwa utotoni walikuwa wakipata mshahara uliozidi wa wenzao kwa robo nzima.

Robo ya mshahara, wazee! Na vifaa vyenyewe vilikuwa vitu vya kuokoteza. Sisi ambao watoto wetu walitengeneza magari kwa mabua, na wanasesere kwa magunzi, na mipira kwa matambara, tunavyo vifaa vyote hivyo nyuma ya nyumba. Hata kituo kisicho na fedha kabisa hakiwezi kusema kimekosa vitu vya kuchezea.

Shirika la Afya la Dunia lilitoa maagizo mwaka 2019 juu ya jambo hili. Mtoto wa mwaka mmoja hata minne apate mchezo wa kusogeza mwili kwa dakika 180 katika siku, zikigawanywa asubuhi na alasiri; na kwa wa miaka mitatu na minne, dakika 60 katika hizo ziwe za kutoka jasho. Asifungwe mahali pamoja kwa zaidi ya saa moja, na katika hayo walitaja hata kufungwa mgongoni. Mgongo wa mama ni mahali pema, wala hatuulaumu. Ila mtoto ashushwe, atambae, ashike udongo wa kituo uliofagiwa. Mchanga asiyeweza kutambaa alazwe kifudifudi awapo macho, jumla ya nusu saa kwa siku, shingo na mgongo vipate nguvu. Usingizi nao usisahauliwe: wa miaka mitatu na minne apate saa 10 hata 13, pamoja na ule wa mchana.

Dakika 180 zawaogopesha walimu wengine, lakini watoto wakiachwa wenyewe huzipita. Kinachozipunguza ni benchi. Twasikitika kusema kwamba vituo vingi vimekuwa shule ndogo: watoto 60 wa miaka mitatu wameketi mistari, wakiimba herufi tangu asubuhi mpaka saa ya uji, na mlezi ana fimbo. Si kosa la mlezi peke yake. Wazazi ndio waulizao, "Ameandika nini leo?" Hawaulizi, "Ameruka nini leo?" Mzazi akiona daftari lina maandishi hulipa ada kwa moyo. Basi wenyeviti na walimu wakuu wawakinge walezi na masumbufu haya. Mtoto ahesabuye mawe akicheza mdako hujifunza hesabu. Arukaye kamba kwa zamu hujifunza kungoja. Achezaye rede au kombolela hutumia mbio, macho na werevu kwa pamoja. Herufi hazitakimbia, atazikuta darasani akiwa na mkono wenye nguvu ya kushika kalamu.

Uwanja usafishwe kila asubuhi, miiba na vigae viondolewe. Kisima na shimo la choo vifunikwe. Pawe na kivuli. Tairi kuukuu likining'inizwa mtini kwa kamba imara, na rundo la mchanga safi, vyatosha watoto 30. Kuna na neno la wasichana. Twaona mara nyingi wakati wa mchezo wavulana hukimbia, na msichana wa miaka minne hubebeshwa mtoto mchanga, au huambiwa aoshe vikombe. Yeye naye ni mtoto, na mifupa yake ndiyo itakayobeba mimba siku moja; akimbie. Mtoto mwenye ulemavu asiachwe kwenye mkeka. Atafutiwe nafasi katika mchezo, hata kama ni ya kurusha mpira akiwa ameketi.

Ndugu zetu wa mijini nao wana tabu yao. Huko viko vituo vya kulipia ambavyo mtoto hupewa biskuti, viazi vya kukaanga vya pakiti na maji ya sukari yenye rangi, kisha huwekwa mbele ya televisheni mpaka mama atoke kazini. Maagizo yale ya mwaka 2019 yasema mtoto wa chini ya miaka miwili asitazame kabisa, na wa miaka miwili hata minne isizidi saa moja kwa siku. Twayataja haya kwa sababu barabara zimefika kila mahali na pakiti zimekwisha kufika dukani kijijini.

Yabaki maneno ya mchango. Vituo vingi hufa mwezi wa Januari au Februari, kwa maana chakula kimepungua nyumbani, kazi ya palizi imezidi, na wazazi waombwapo fedha hawana. Mchango uchukuliwe wakati wa mavuno, kwa vitu, siku ile magunia yanapoingia: kila mzazi kiasi chake cha mahindi na cha maharage, kwa kipimo kilichokubaliwa na mkutano wa kijiji, vikauke na kuwekwa vema. Maharage tusiyasahau, maana kijiji hutoa mahindi kwa ukarimu kikabaki na maharage. Kila kituo kiwe na matuta ya mchicha na mipapai. Mpapai hauchukui miaka mingi kuzaa. Chumvi iwe yenye madini joto. Ufunguo wa ghala la watoto ushikwe na mama mmoja, na kitabu cha matumizi kishikwe na mwingine, wala wasiwe ndugu.

Kisha katika kitabu hicho pachorwe safu mbili mwishoni, moja ya uzito na moja ya kimo. Mhudumu wa afya ya jamii aweza kuwafundisha walezi namna ya kupima. Kipimo cha kimo ni ubao ulionyoka na mkono usio na haraka. Watoto wapimwe kila miezi mitatu, na siku ya mkutano wa kijiji mtendaji asome majibu yao hadharani, bila kutaja jina la mtoto yeyote, mara baada ya kusoma hesabu ya magunia, kabla watu hawajasimama kwenda zao.